Uso wa Somo Wangu: Siku 10 za Ulaya na Amana Niliyoivunja



Tangu nirudi safari, kila anayekuja dukani kupimwa gauni ananiuliza, "Ulaya vipi?" Nami huwa nacheka, namwonyesha lesi nilizokuja nazo, yanaishia hapo. Leo nataka kulijibu swali hilo sawasawa, pamoja na sehemu ambayo inaniaibisha mwenyewe. Naandika kwa sababu siku hizi mabiharusi wetu wengi fungate hawalikalii tena nyumbani. Wanapanda ndege. Na wengine tunakwenda kibiashara, wawili wawili, na shoga zetu.

Rai yangu naitanguliza ili asije mtu akapotea njiani: tunajiandaa sana kwa nguo na mizigo, hatujiandai kwa sheria za watu wala kwa sitara ya mwenzetu tunayesafiri naye. Na sisi tunaobaki nyumbani tuna haraka mno ya kumhukumu aliyesafiri.

Kwa wasionijua, mie ni fundi cherehani. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushonaji, na leo alhamdulillah nina duka dogo hapa Mjini, nashona magauni ya harusi na ya kesha. Niliyesafiri naye nitamwita Somo, maana jina letu ni moja, na toka tuko chuoni na juzuu zetu mkononi watu wanatuita masomo. Yeye anasomesha watoto wa kike Qur'ani kila jioni. Anaziba uso, anavaa nikabu, huu sasa mwaka wa kumi na kitu. Mie navaa buibui na mtandio, uso wazi. Hatujawahi kugombana kwa hilo hata siku moja. Haya ninayoyaandika nimemsomea yote kabla, na ameniruhusu.

Najua wengine mmeshauliza moyoni: na mahram? Mume wangu aliridhia, mume wa Somo aliridhia, na kaka yake Somo, anayeishi Amsterdam na mkewe na watoto, ndiye aliyetualika na kutupokea. Lakini njiani tulikuwa wawili, na baadaye tulikwenda miji miwili mengine bila ya kaka. Wanachuoni wana maneno katika hilo. Mimi si mtoa fatwa, muulize mwalimu wako kabla ya kukata tiketi.

Tuliyouliza na tusiyouliza

Maandalizi tulifanya, wallahi. Tulipanda boti kwenda Dar kushughulikia viza. Tukakata bima ya safari, maana viza ya Schengen haitoki bila bima ya matibabu ya yuro 30,000 kwenda juu. Tukaambiwa viza hiyo moja inakuingiza nchi nyingi za Ulaya, mpaka kwa mpaka bila kusimamishwa. Tukafurahi: Uholanzi, Ubelgiji, Ufaransa, tutazunguka kama mtu anavyotoka Mwanakwerekwe kwenda Darajani.

Tuliuliza baridi ikoje, mizigo kilo ngapi, chakula halali kinapatikana wapi. Sheria hatukuuliza. Tulidhani kwa kuwa viza ni moja basi na sheria ni moja. Sivyo kabisa, na hapo ndipo penye kisa changu.

Amsterdam

Tulifika mwisho wa mwezi wa sita, kwao ni kiangazi. Mshtuko wa kwanza ulikuwa jua. Huku kwetu magharibi inaingia saa 12 na kitu mwaka mzima, hata saa hutazami, unasikia tu adhana. Kule jua lilizama baada ya saa 4 usiku. Tumekaa sebuleni kwa kaka, tumeshakula, watoto wameshalala, nje kweupe kama alasiri, na sisi magharibi hatujaswali. Isha tunaingoja tunasinzia, na ukilala kidogo tu alfajiri hiyo imeingia. Na kibla! Mie toka nizaliwe nikiswali Unguja naelekea kaskazini, mwili umezoea. Kule kibla ni kusini-mashariki. Nilizungushwa kwenye msala kama mtoto anayefundishwa.

Mshtuko wa pili naomba mnisamehe, lakini lazima niuseme: choo. Hakuna maji. Karatasi tu. Kwa kaka lipo kopo, Muislamu yule, lakini stesheni, mikahawani, dukani, hakuna. Na stesheni kuingia chooni unalipa, unalipia na maji hukuti! Tangu siku ya pili kila mmoja alikuwa na chupa yake ya maji ndani ya mkoba, na hiyo naiweka namba moja katika mzigo wa biharusi yeyote anayekwenda Ulaya, kabla ya manukato.

Mshtuko wa tatu ni watu kutosalimiana. Unaingia kwenye tramu, watu thelathini, hakuna anayesema lolote. Mie siku ya kwanza nilitoa "hello" kwa wote kama ninavyopiga hodi, wakanitazama kama nimeomba hela. Kaka akatwambia na majirani vile vile, hugongi mlango mpaka mmepanga siku na saa. Niliwaona wakavu, sikufichi. Lakini siku nilipoangusha kipochi changu pale soko la Albert Cuyp, bibi mmoja wa Kidachi alinikimbilia na baiskeli yake mpaka akanipa. Hakusema sana, akanipa, akaondoka.

Halafu mabustani. Jua likitoka watu wanalala kwenye majani, wanawake kwa wanaume, nguo walizovaa zingeenea kwenye kiganja changu. Mie nilikuwa naguna na kumwonyesha Somo kila hatua mbili: "Ona yule! Ona na yule!" Somo akaniambia, "Sasa wewe unayetazama na yeye aliyelala, nani ana kazi?" Nikakumbuka kuwa tumeamrishwa kuinamisha macho, wanaume na wanawake. Nikanyamaza.

Nikiwa mfanyabiashara, lililonitia haya zaidi lilikuwa saa. Treni imeandikwa saa 3 na dakika 17, inaondoka saa 3 na dakika 17. Mie ni fundi, nyote mnajua maneno yetu mafundi: "Njoo kesho, limebaki kutia vifungo tu," na gauni hata halijakatwa. Nimewahi kumkabidhi biharusi shela lake harusi imebaki saa mbili, mama mtu analia mlangoni. Ahadi ni deni, na dini imetufundisha hilo kabla ya treni zao. Nimerudi na daftari la tarehe, na mafundi wangu wananiita Mdachi.

Usiku wa kabla ya treni

Siku ya nne jioni, kesho yake twende Brussels, kaka alimwita Somo akamweleza kwa upole. Uholanzi, toka Agosti 2019, sheria inakataza kuziba uso ndani ya mabasi, tramu na treni, mashuleni, mahospitalini na ofisi za serikali. Barabarani unaruhusiwa. Ndiyo maana siku zote zile kaka alikuwa akitubeba kwa gari yake kila alipoweza, na ile siku ya tramu alimwomba Somo ashushe nikabu bila ya kumweleza sana, yeye akadhani ni kwa ajili ya tiketi. Lakini Ubelgiji na Ufaransa, akasema, ni barabarani pia. Ufaransa walipitisha sheria mwaka 2010, ikaanza kutumika Aprili 2011. Ubelgiji ikafuata mwaka huo huo wa 2011. Ufaransa faini yake inafika yuro 150.

Somo hakusema kitu. Akainuka akaenda kumpigia simu mwalimu wake huku nyumbani. Mwalimu akamwambia mambo mawili. La kwanza, kama safari ile si ya lazima kwake, bora abaki kwa kaka yake anisubiri. La pili, kama atakwenda, basi ajue viza ni ahadi baina yake na wenye nchi, na ahadi hutimizwa, afuate sheria yao na ajisitiri sawasawa katika vyengine vyote. Akamkumbusha kuwa hata kwenye ihramu mwanamke havai nikabu, na katika swala uso unakuwa wazi, na kwamba wanachuoni wamekhitalifiana katika hukumu ya uso wenyewe. Mwenye kuuziba ana dalili zake, na asiyeuziba ana zake.

Mimi nilikuwa nimekaa kitandani, nimeshatoa nguo za kesho. Nikamwambia, "Somo, baki. Mie nitakwenda peke yangu, siku 6 si nyingi." Na moyoni nilikuwa naogopa. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, Kifaransa sijui hata maji.

Somo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nikuache peke yako nchi za watu, nije nimwambie nini mumeo? Nitakwenda."

Hilo mlishike, maana ndilo lililonifanya niandike.

Brussels

Ile siku ya kwanza alivaa barakoa ya hospitali, zile za wakati wa korona. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Nikasema basi, dawa imepatikana. Jioni akaivua mwenyewe. Akaniambia, "Sheria imeruhusu barakoa kwa mgonjwa. Mie siumwi. Nitakuwa nadanganya kila hatua." Mie ningeivaa hadi ichakae. Yeye akaitia ndani ya pochi.

Kesho yake tulitoka, yeye na buibui lake jeusi na mtandio umembana vizuri, uso wazi. Mtandio hauna tatizo, nataka mabiharusi waelewe hilo, kwa sababu wengi wanachanganya. Kote tulikopita barabarani, madukani, kwenye treni, mitandio imejaa. Sheria hizi ni za uso. Ila Somo alitembea kama mtu aliyevuliwa viatu juani. Mikono haijui iende wapi. Mwanamme akitokea mbele anageukia dirisha la duka. Siku hiyo nilifahamu kitu ambacho miaka yote nilikuwa sikifahamu: kumbe ile nikabu kwake ilikuwa kama ngozi, na mie nilikuwa naiona ni kitambaa. Na mie kitambaa ndiyo kazi yangu!

Tulikwenda Rue de Brabant, mtaa ulio nyuma ya stesheni ya kaskazini. Mashoga, ule mtaa ungeupenda. Maduka ya Wamoroko na Waturuki yamepangana, makaftani ya harusi, mikanda ya dhahabu, mapambo ya biharusi, seti za chai, tende, udi. Unatoa salamu, unajibiwa. Baada ya siku tano za kimya, ile "wa alaykumu salaam" niliisikia mpaka tumboni.

Mama mmoja wa Kimoroko mwenye duka la makaftani alizungumza na Somo kwa Kiarabu cha vitabuni cha Somo na Kiarabu chake cha nyumbani, wakakutana katikati. Alipojua habari ya nikabu alimshika mkono. Akasema binti yake anavaa mtandio, na kila asubuhi anauvua kwenye geti la shule na kuutia mkobani, mchana anauvaa tena. Shule nyingi za huko haziruhusu. Ufaransa nako, toka sheria ya 2004, shule za serikali mwanafunzi haingii na mtandio. "Nyinyi ni siku chache," akasema, "mtarudi kwenu. Sisi hapa ndiyo kwetu."

Maneno yale yalinikaa. Huku kwetu ukisikia fulani kakulia Ulaya, tunapindua midomo: "Ah, wa Ulaya huyo, mtandio wenyewe anauvaa nusu." Hatujui asubuhi yake ameuvua na kuuvaa mara ngapi, na kwamba anauvaa tena mchana hakuna anayemlazimisha. Mie wa Unguja nikitoka bila mtandio, jirani atanirudisha. Stara yangu ina walinzi mtaa mzima. Yake anailinda yeye.

Ninasema pia, ili niwe mwadilifu: huku kwetu mgeni anapokuja na kaptura yake Forodhani tunamwambia heshimu mila zetu, jifunike. Tumeweka mpaka mabango. Wao nao wana yao. Ya kwao siyapendi, naona wanamkosesha mwanamke haki ya mwili wake huku wakisema wanamkomboa. Lakini mgeni akiingia kwa hiari yake anaijua kwanza sheria ya mwenyeji, kisha ndiyo anaamua aende au asiende.

Paris

Paris nilikwenda kwa ajili ya lesi. Chini ya kile kilima cha Montmartre kuna mitaa ya vitambaa, pale Marché Saint-Pierre na maduka yanayoizunguka. Kuna duka la ghorofa baada ya ghorofa, satini, neti, hariri, pamba, na pembeni maduka yanayouza vipande vya mita 3 vilivyokwisha kukatwa, bei nafuu. Na zile lesi za Calais na Caudry, miji ya kaskazini ya Ufaransa ambako mashine kongwe bado zinafuma. Ukizishika unajua kwa nini mabiharusi wa kifalme wanazitaka. Mkono wa fundi haudanganyiki. Mie nililia kidogo, nisiwafiche.

Na furaha ndiyo iliyoniponza.

Nilijifunga lesi moja kifuani mbele ya kioo, nikapiga picha, nikaitupa kwenye stetasi ya WhatsApp: "Mabiharusi wa Desemba, hizi hapa!" Namba zangu zote za biashara zimo, wateja, mama zao, mawifi zao. Nikaendelea kupima vitambaa. Baada ya saa nzima hivi simu ikaanza. Ujumbe wa kwanza: "Mashaallah lesi." Wa pili: "Huyo nyuma yako ni fulani?" Wa tatu: "Kumbe ustadhati kashavua?" na kicheko.

Nikaifungua picha. Nyuma yangu, ndani ya kioo, alikuwa Somo. Uso mzima. Anatabasamu, ameshika lesi nyengine ananichagulia.

Niliifuta. Watu 212 walikuwa wameshaiona, na mmoja ndani ya hao alikuwa ameshaihifadhi, kwa sababu jioni ile ile ilirudi kwangu kutoka kundi jengine kabisa.

Sikuweza kumwambia dukani. Tulikwenda Msikiti Mkuu wa Paris, ule wenye mnara wa mraba kama wa Morocco, uliofunguliwa mwaka 1926 kwa kuwakumbuka askari Waislamu waliokufa wakiipigania Ufaransa vita vya kwanza. Tukaswali sehemu ya wanawake. Baada ya swala tulikaa kwenye mkahawa wake, chai ya nanaa, ndege wadogo wanaruka mezani, na hapo nikampa simu aone mwenyewe.

Aliitazama. Akaniuliza jambo moja tu: "Wamo wazee wa wanafunzi wangu?" Nikasema wamo. Akarudisha simu, akanywa chai yake mpaka ikaisha. Ningependa angenitukana.

Tuliporudi

Watu wananiuliza mshtuko wa Ulaya. Mshtuko wangu mkubwa niliupata hapa hapa kwetu. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao chuoni. Mama mmoja alimwambia Somo usoni kwamba mwalimu wa Qur'ani mwenye nyuso mbili hamfai mwanawe. Harusini alipoingia, meza iliyokuwa inacheka ilinyamaza. Wengine waliomsema nikabu hawaivai wenyewe, na mie nikiwa uso wazi kila siku hakuna aliyenisema. Sasa hiyo ni dini au ni nini? Mimi nisiyeziba kabisa niko salama, yeye aliyeziba miaka kumi na kitu, akavua siku 6 kwa sheria ya nchi na ruhusa ya mwalimu wake, ndiye mnafiki?

Nami nilikaa kimya wiki mbili. Hilo nalo liandikwe. Niliogopa wateja.

Siku ya kisomo cha wanawake mtaani kwetu niliomba dakika tano. Nikawaeleza sheria ya kule. Nikawaeleza simu ya mwalimu. Nikawaambia picha ni yangu, nimeitoa mimi, bila ruhusa yake, kwa ajili ya kuuza lesi. Mama mmoja akauliza, "Na yeye alikwenda kufanya nini huko, si angebaki kwa kaka yake?" Nikamjibu, "Alikwenda kwa ajili yangu, nisiwe peke yangu." Sauti ilinikatika, nikakaa.

Mtoto mmoja amerudi chuoni. Wa pili hajarudi mpaka leo ninapoandika. Somo ananiambia amenisamehe, na namjua hasemi uongo, lakini kuna maneno yakisemwa hayafutiki kama stetasi.

Ninachokuombeni

Kwa biharusi anayekwenda fungate, na kwa shoga anayekwenda biashara:

1. Kabla ya tiketi, uliza sheria ya mavazi ya kila nchi utakayopita, moja moja. Viza moja haina maana sheria moja. Mbali na hizi tatu, Austria wana marufuku ya uso toka 2017, Denmark 2018, Uswisi toka Januari 2025. Kama nikabu ni sehemu yako na hutaki kuivua, ziko nchi tele za kwenda. Mwambie bwana harusi mapema, kabla hajalipa hoteli. Huo si ushamba, ni haki yako.

2. Muulize mwalimu wako ukiwa nyumbani, usingoje usiku wa kuamkia safari. Muulize na swala za msafiri, kukusanya na kupunguza, maana zile magharibi za saa 4 usiku zitakuchanganya.

3. Beba chupa ya maji, dira ya kibla kwenye simu, msala mwepesi. Chakula ukitilia shaka kula samaki na mboga, na uliza kama kimetiwa mvinyo. Peremende nyingi zina jelatini, soma pakiti.

4. Picha ya mwenzako ni amana. Usiitoe mpaka umwonyeshe na akubali, hata kama ni kivuli chake. Tazama vioo! Sisi wenye biashara tutazame mara mbili, maana tamaa ya mteja inapofusha.

5. Na wewe uliyebaki nyumbani, ukiletewa picha ya dada yako amekaa vyengine na ulivyomzoea, ifute, usiipeleke mbele. Tumefundishwa kuwa anayemsitiri Muislamu mwenzake naye atasitiriwa. Ukitaka kujua, mpigie yeye umuulize. Ukishindwa kumpigia, basi hukuwa unataka kujua.

Lesi ile nimeshaishona. Biharusi wake wa Desemba alipendeza, mashaallah, na usiku wa kesha Somo ndiye aliyemsomea dua kabla hajatolewa nje, wanawake watupu, uso wazi, anatabasamu kama kwenye kile kioo. Simu zote tulizikusanya mlangoni kwenye kikapu, na mie ndiye niliyekilinda.

Mwenyezi Mungu atusitiri duniani na akhera, na atusamehe midomo yetu na simu zetu. Amin.